Uzi: Flashi imejaa shotikati na faili hazionekani? Usifomati, pita hapa kwanza

#1 Mleta uzi

Wakuu, swali hili linarudi kila wiki. Flashi imetoka steshenari, ukiichomeka nyumbani folda zote zimegeuka shotikati (shortcut, kifaili kidogo cha kufungulia kitu kingine), na ushauri wa kwanza anaopewa mtu ni "fomati tu." Tafadhali tuuache ushauri huo. Kwa ugonjwa huu faili zako karibu kila mara zipo mle mle ndani ya flashi, nzima. Zimefichwa. Anayefomati ndiye anayezifuta, si kirusi.

Hakikisha mwenyewe. Fungua This PC, bofya kulia kwenye flashi, chagua Properties. Kama ndani unaona vishotikati vitano vya KB 1 au 2 kila kimoja, lakini Used space inasema GB 6, basi GB 6 zako hazijaenda popote.

Sasa itazame shotikati yenyewe, ila usiibofye mara mbili. Bofya kulia, Properties, soma kisanduku cha Target. Utakuta mstari wa namna hii:

`C:\Windows\system32\cmd.exe /c start update.vbs & start explorer "PICHA HARUSI" & exit`

Usome kipande kwa kipande. cmd.exe ni kile kidirisha cheusi cha amri. /c inakiambia kitekeleze yanayofuata kisha kijifunge. start update.vbs ndiyo inayokiamsha kirusi (jina la faili hubadilika, mkia .vbs ndio wa kuangalia). Kisha start explorer inakufungulia folda yako halisi ya picha, ili usione tofauti yoyote. Ndiyo maana watu wanakaa na kirusi hiki miezi: folda zinafunguka, kazi inaenda, na kila ukibofya unakiwasha upya.

Kwa nini kitumie shotikati? Kwa sababu njia ya zamani imezibwa. Zamani faili ya autorun.inf ilitosha kuendesha kirusi mara tu flashi ikichomekwa, na kirusi cha Conficker cha 2008 kilisambaa sana kwa njia hiyo. Windows 7 ilizima jambo hilo kwa flashi, na Februari 2011 Microsoft wakapeleka sasisho la kulizima kwenye XP na Vista pia. Tangu hapo kirusi cha flashi kwa kawaida kinahitaji kidole chako. Usipobofya, hakiamki.

Utaratibu ni huu, na mpangilio wake usiugeuze: kompyuta kwanza, flashi baadaye. Ukisafisha flashi kwenye mashine ambayo kirusi bado kinazunguka, ndani ya sekunde chache faili zinafichwa tena na shotikati zinarudi. Watu wengi hudhani amri imeshindwa, kumbe imefanya kazi na kirusi kimeifuta kazi hiyo.

Chomoa flashi. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, nenda kwenye Details, tafuta wscript.exe. Hiyo ni programu halali ya Windows inayoendesha faili za .vbs, lakini kwenye kompyuta ya nyumbani ambayo hukuiwekea skripti yoyote haina sababu ya kuwa inakimbia muda wote. Bofya kulia kwenye vichwa vya safu, Select columns, weka tiki kwenye Command line. Sasa utaona inaendesha faili gani na iko wapi; mara nyingi ni ndani ya AppData\Roaming au Temp. Andika njia hiyo kwenye karatasi, utaihitaji.

Kisha fungua cmd na uiue:

`taskkill /f /im wscript.exe`

Nenda kwenye ile njia uliyoandika, futa faili. Ukiwa huko, bonyeza Windows+R, andika shell:startup, uangalie kama kuna nakala yake. Halafu angalia rejista (ghala la mipangilio ya Windows):

`reg query HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run`

`reg query HKLM\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run`

Ukiona mstari unaoita wscript au faili ya .vbs, ufute kwa jina lake (weka jina halisi badala ya JINA):

`reg delete HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run /v JINA /f`

Kama mstari uko kwenye HKLM, badilisha sehemu hiyo na ufungue cmd kwa Run as administrator, la sivyo utapata Access is denied.

Washa kompyuta upya. Rudi Task Manager. wscript.exe haipo? Vizuri, sasa chomeka flashi. Angalia imepewa herufi gani. Hapa nachukulia ni E. Kwenye cmd:

`E:`

`attrib -h -r -s /s /d *.*`

Acha nafasi kati ya kila kitu. -h inaondoa alama ya kufichwa, -s inaondoa alama ya "faili ya mfumo", -r inaondoa zuio la kuandika. /s inaingia folda za ndani, /d inagusa folda zenyewe. Flashi yenye faili elfu kadhaa inaweza kuchukua dakika kadhaa bila kuonyesha chochote, usikifunge kidirisha. Ikirudisha E:\> imemaliza.

Kisha, ukiwa bado kwenye E:\> na si penginepo:

`del /s *.lnk`

`del /s *.vbs`

Nasisitiza E:\> kwa sababu menyu ya Start imejengwa kwa shotikati zilizoko C. Ukiipiga amri ya kwanza ukiwa C:\> utaondoa njia za kufungulia programu zako nyingi.

#2 Mdau, Dodoma

Mkuu, kwangu attrib inaleta "Not resetting system file" kwa kila folda. Nimeandika attrib -h /s /d *.*

#3 Mleta uzi

Umeacha -s, mkuu. Faili ikiwa na alama zote mbili, ya kufichwa na ya mfumo, Windows inakataa kuondoa moja peke yake. Ukiweka -s peke yake nako utapata "Not resetting hidden file". Zote mbili ziwe kwenye amri moja: attrib -h -s. Angalia pia usichanganye -s na /s. Ya kwanza ni alama, ya pili ni agizo la kuingia folda za ndani.

#4 Mdau, Mombasa

Niongeze hapo kwenye kusafisha kompyuta, kwa maana kutazama wscript.exe pekee hakutoshi.

Kwanza, kuna aina zinazojiweka kwenye Task Scheduler (ratiba ya kazi za Windows) badala ya ile Run ya rejista. Unaua, unafuta, na baada ya nusu saa kitu kimerudi. Piga hii:

`schtasks /query /fo list /v | findstr /i "wscript .vbs"`

Ikitoa chochote usichokitambua, fungua taskschd.msc, itafute kazi hiyo, bofya kulia, Delete.

Pili, kama Task Manager inakataa na kusema imezimwa na msimamizi ilhali kompyuta ni yako nyumbani, kirusi ndicho kilichoizima:

`reg delete HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System /v DisableTaskMgr /f`

Tatu, kikikushinda kabisa ingia Safe Mode. Shikilia Shift huku unabofya Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 4. Huko Windows haiendeshi yaliyoandikwa kwenye Run, kwa hiyo unafuta faili bila kukimbizana nayo. Tahadhari: kompyuta iliyofungwa kwa BitLocker (kinga ya Windows inayofunga diski) inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Uwe nao kabla hujaanza.

Na nne, tafadhali kagueni orodha ya Exclusions (visivyokaguliwa) ya Defender, antivirusi ya Windows yenyewe. Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka hadi Exclusions. Vile viprogramu vya kuvunja leseni ya Windows na Office karibu vyote vinakuagiza uzime Defender au uiruhusu folda fulani isikaguliwe. Watu wanakubali, wanasahau, na ile folda inabaki mlango wazi miaka. Ukikuta C:\ nzima imeruhusiwa, hapo Defender inalinda jina tu. Ondoa, kisha fanya Offline scan kutoka Scan options. Kompyuta inajizima, inawaka na kukagua kabla Windows haijaanza. Kwa kawaida ni kama dakika 15.

#5 Mdau, Mwanza

Hizo amri zote za nini? Fomati flashi, weka antivirusi ya bure, mambo yaishe.

#6 Mdau, Mombasa

Ndugu yangu, ukifomati flashi huku mashine ina kirusi, flashi hiyo inapakwa tena dakika ile ile unapoirudisha. Umepoteza faili na kirusi unacho. Na antivirusi ikiwekwa juu ya Defender, Defender inajizima kuipisha. Muda wa majaribio wa ile ya kulipia ukiisha, kuna kompyuta zinabaki bila mlinzi yeyote hai. Kama hulipii, iondoe kabisa uwashe upya, Defender itarudi kazini yenyewe.

#7 Mdau, Arusha

Kwa wenye bando dogo: si lazima kompyuta yenyewe iwe na intaneti. Kwenye tovuti ya Microsoft ya masasisho ya Defender kuna faili inaitwa mpam-fe.exe. Ipakue kwa simu au kwa rafiki mwenye Wi-Fi, ihamishie kwenye kompyuta, bofya mara mbili. Haionyeshi dirisha lolote, inasasisha kimya kimya. Chagua ya biti 64 kama mfumo wako ni wa biti 64. Inazidi MB 100, jipange.

Pia kuna Microsoft Safety Scanner, MSERT.exe. Ni ya kukagua mara moja, haisakinishwi. Jueni kwamba inaisha muda siku 10 baada ya kupakuliwa, kwa hiyo kuiweka kwenye flashi ya fundi mwaka mzima hakuna maana. Kila kazi, pakua upya.

#8 Mdau, Zanzibar

Kama una haraka ya faili moja tu, mathalani barua inatakiwa leo, iko njia fupi: simu ya Android na kiunganishi cha OTG. Chomeka flashi kwenye simu, fungua programu ya mafaili. Android haijali alama ya kufichwa ya Windows, yenyewe inaficha majina yanayoanza na nukta. Utaziona folda zako zote wazi kando ya zile shotikati, na .vbs haiwezi kuendeshwa kwenye simu. Nakili unachotaka, tuma.

Isiposoma kabisa, huenda flashi imefomatiwa NTFS (mojawapo ya mipangilio ya kuhifadhi faili); simu nyingi husoma FAT32 na exFAT lakini NTFS hukataa. Hapo chukua kompyuta yenye Ubuntu (mfumo wa Linux, si Windows), nayo inaziona.

#9 Mdau, Dodoma

Nimerekebisha amri, folda zimetokea. Ila nyingine zilizokuwa juu kabisa hazipo, na kuna folda moja haina jina, ina alama kama ya diski. Niifute?

#10 Mleta uzi

USIIFUTE. Vitu vyako vimo humo.

Hiyo ni aina nyingine, ya ukoo wa Andromeda, wengine huita Gamarue. Haifichi folda moja moja. Inatengeneza folda moja ambayo jina lake ni nafasi tupu ya aina ya pekee, inatupia kila kitu humo, inaificha, kisha inaacha nje shotikati moja yenye jina la flashi yako. Ukisoma Target yake utakuta rundll32.exe badala ya .vbs. Mtandao wa kompyuta zilizokuwa zinaiendesha ulivunjwa na polisi wa nchi mbalimbali Novemba 2017, lakini kirusi chenyewe bado kinatembea flashi kwa flashi kwa sababu hakihitaji bwana wake kuwa hai ili kijinakili.

Ingia kwenye folda hiyo, Ctrl+A, Ctrl+X, rudi nje, Ctrl+V. Hata zikiwa GB 30 itamalizika mara moja, maana ndani ya flashi moja Windows haihamishi data, inabadilisha tu orodha ya nini kiko wapi. Ikianza kuhesabu dakika ujue umebandika kwenye diski nyingine. Vilivyo vyako vikishatoka, desktop.ini na faili za majina ya ajabu zilizobaki acha humo, ndipo ufute folda.

Na ile System Volume Information itakayoonekana baada ya attrib, si kirusi. Windows huiweka kwenye kila diski. Iache.

#11 Mdau, Nakuru

Swali la haraka. Antivirusi ilifuta virusi, lakini kila nikiwasha mashine kinatokea kidirisha: Can not find script file "C:\Users\...\AppData\Roaming\..." Kirusi bado kipo?

#12 Mdau, Mombasa

Hapana, faili imeondoka, kilichobaki ni agizo la kuiita. Windows ikiwaka inasoma agizo, inaitafuta faili, haioni, inakuambia. Piga zile reg query mbili za posti ya kwanza. Jina la faili lililoandikwa kwenye kidirisha chako ndilo la kutafuta. Futa mstari huo. Usipouona, tazama shell:startup na Task Scheduler. Kama hutaki kuzunguka kote huko, Autoruns ya Microsoft Sysinternals inakuonyesha sehemu zote za kujiwasha kwa pamoja, na zile ambazo faili yake haipo inazipaka njano.

#13 Mdau, Arusha

Hakuna aliyegusia aina ya tatu, na ndiyo ninayoiogopa zaidi. Ukisoma Target ukaona msiexec pamoja na anwani ya intaneti, yenye herufi kubwa na ndogo zilizovurugwa kama mSIexEc, simama hapo. Hiyo ni tabia ya Raspberry Robin, iliyotangazwa hadharani 2022. Yenyewe haiishii kuficha faili. Inatumia kisakinishi halali cha Windows kupakua kitu kingine kutoka nje, na imeonekana ikifungua njia kwa makundi yanayofunga faili na kudai fidia.

Kama uliibofya na kompyuta ilikuwa na intaneti, ushauri wangu ni mkali: zima Wi-Fi, toa faili zako kwa kuwasha kompyuta na Ubuntu kutoka flashi nyingine, sakinisha Windows upya kwa kufuta diski, kisha badilisha nywila za barua pepe na benki ukitumia kifaa kingine. Kufuta mstari mmoja wa rejista hapa ni kujidanganya, kwa sababu hujui kilichopakuliwa ni nini. Kama hukuibofya, hakuna kilichotokea. Nakili faili, ifute shotikati.

#14 Mleta uzi

Nakubaliana na mkuu wa Arusha, kwa aina hiyo asiponye mtu kwa attrib.

Kinga sasa. Kwa hizi za .vbs ipo kinga ya mstari mmoja. Windows inaendesha skripti hizi kwa kitu kinachoitwa Windows Script Host, na nyumbani karibu hakuna anayekihitaji. Kizime:

`reg add "HKCU\Software\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f`

Kuanzia hapo mtu akibofya shotikati ya kirusi anapata ujumbe kwamba Windows Script Host access is disabled, na kirusi hakiamki. Gharama yake: slmgr, ile amri ya kuangalia leseni ya Windows, haitafanya kazi, na baadhi ya skripti za ofisini pia. Ukitaka kurudisha:

`reg delete "HKCU\Software\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /f`

Microsoft wenyewe walitangaza Oktoba 2023 kwamba VBScript inastaafishwa, na kuanzia Windows 11 toleo la 24H2 imekuwa kipengele cha hiari. Unaweza kuiondoa kwenye Settings, System, Optional features.

Wenye steshenari, nawaomba kwa dhati: fungueni akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi kwa ajili ya mteja, pigeni ile amri ya reg add mkiwa ndani ya akaunti hiyo, na mwonyeshe mikia ya majina ya faili kwenye View ya Explorer. Mashine moja ya kuchapia inapokea flashi za mtaa mzima. Msimu wa wanafunzi kuomba mkopo, flashi moja chafu asubuhi inatosha kuchafua nyingine zote hadi jioni.

Nanyi wateja, kama ni kuchapisha tu, tumeni PDF kwa barua pepe. Ikibidi flashi, chukueni kadi ya SD yenye adapta: upande wake kuna kitelezo kidogo, ukikishusha kwenye Lock kompyuta inasoma lakini inakataa kuandika. Ule ujanja wa zamani wa kutengeneza folda inayoitwa autorun.inf haukingi kitu leo, maana hivi virusi haviitumii tena faili hiyo.

#15 Mdau, Nakuru

Asanteni, kidirisha kimeondoka, mstari ulikuwa HKLM. Na aliyekwisha fomati kabla ya kuuona uzi huu afanyeje? Kuna dada hapa amepoteza picha za mwaka mzima.

#16 Mdau, Zanzibar

Mwambie asiandike kitu chochote kwenye flashi hiyo, hata faili moja. Kama ilikuwa Quick format, kilichofutwa ni orodha tu. Picha zenyewe bado zimo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kama aliondoa tiki ya Quick Format, Windows za siku hizi huandika sifuri kote, na hapo hakuna la kuokoa.

Apakue TestDisk kwenye kompyuta. Ni ya bure, na ndani yake mna PhotoRec. Aendeshe qphotorec_win.exe kama msimamizi, achague flashi kwa ukubwa wake (asikosee akachagua diski ya kompyuta), achague FAT/NTFS/HFS+, Whole, kisha kwenye File Formats abakize jpg na mov pekee (mp4 imo ndani ya mov), vinginevyo atapata maelfu ya vipande asivyovihitaji. Mahali pa kuhifadhia pawe kwenye diski ya kompyuta, KAMWE si kwenye flashi yenyewe, kwani kila faili inayookolewa ingeandikwa juu ya ile inayofuata. Flashi ya GB 32 kwenye tundu la USB 2.0 aipe saa moja hivi.

Majina ya awali hayarudi. Picha zitakuja na namba kama f0123456.jpg, azipange kwa tarehe iliyomo ndani ya picha. Video ndefu zinaweza kurudi zimekatika, kwa sababu PhotoRec hutegemea zaidi vipande vilivyofuatana.

Afungue picha kadhaa za mwanzo, za katikati na za mwisho, anakili zote mahali pa pili. Baada ya hapo ndipo flashi ifomatiwe: exFAT kama atabeba faili za zaidi ya GB 4, FAT32 kama ni ya redio ya gari.